Shabu Haipunguzi Fosforasi, Inaifunga Tu

Nyumbani kwetu shabu ilikaa kabatini pamoja na nyembe. Baba akishanyoa aliipitisha kidevuni, damu ikakata. Masika yakiingia na maji ya kisima kugeuka rangi ya chai ya maziwa, mama aliikoroga kwenye ndoo, akaifunika, akaenda kulala. Asubuhi tope limekaa chini na maji juu yake yamekuwa meupe. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza habari za wafugaji wanaomwaga shabu kwa tani ndani ya mabanda ya kuku, nusu ya habari nilikuwa naijua tayari.

Wafugaji hao wako Marekani, kwenye vilima vya Ozark, mahali ambapo jimbo la Arkansas linapakana na Oklahoma. Shabu yao si ileile ya kinyozi. Ya kinyozi ina potasiamu ndani yake, yao ni salfeti ya alumini, kama inayotumika kwenye mitambo ya kusafishia maji ya mijini. Lakini hizo ni ndugu, na kazi yao ni moja: alumini inakamata kitu kilichomo majini na kukilaza chini. Kwenye ndoo ya mama ilikamata tope. Kwenye maranda yaliyojaa kinyesi cha kuku inakamata fosforasi, kirutubisho cha mimea, ili samadi ikishamwagwa shambani mvua isiioshe na kuipeleka mtoni.

Dawa hiyo inafanya kazi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wa mazingira wanaoibeza, na nadhani wanakosea. Kosa ninaloliona mimi liko upande wa pili, kwa wanaoisifu kwa kazi isiyoifanya. Fosforasi iliyofungwa na alumini haijaondoka shambani. Iko palepale, na mwakani inaongezwa nyingine juu yake. Na kwetu sisi wenye udongo mwekundu habari hii ina utamu wa pekee, maana wanachokinunua wenzetu kwa magunia, udongo wetu umekuwa ukikifanya bure tangu zamani, tena tunaulalamikia kwa kukifanya.

Tuanze na tumbo la kuku. Kuku wa nyama hulishwa mahindi na soya. Takribani theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye chakula hicho imefungwa ndani ya kemikali iitwayo fitati, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Mtengeneza chakula hulazimika kuongeza fosforasi ya madini ili mifupa ya kuku isiwe laini, na ile ya kwenye nafaka inapita tu na kuangukia kwenye maranda. Siku hizi kimeng'enya chenyewe, fitasi, huchanganywa kwenye chakula, na kiasi kinachotoka kimepungua. Kati ya hatua zote nitakazozitaja hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inazuia mlangoni badala ya kufagia uani. Hata hivyo kinachobaki si haba. Tani moja ya samadi ya kuku wa nyama, pamoja na maranda yake, hubeba takribani kilo 30 za nitrojeni na kilo 14 hivi za fosforasi.

Uwiano huo ndio kiini cha ugomvi wote. Majani ya malisho yanataka nitrojeni nyingi na fosforasi kidogo, samadi ya kuku inaleta zote mbili kwa wingi. Mkulima akipima samadi kwa kuangalia nitrojeni peke yake na kumwaga tani 5 kwa hekta, amepeleka kilo 150 za nitrojeni, sawa kabisa, ila amepeleka pia kilo 70 za fosforasi. Majani yakistawi vizuri, yakikatwa na kuuzwa yakiwa makavu, yataondoka na kilo 25 au 30. Kama hayakatwi bali yanaliwa na ng'ombe papo hapo, kinachoondoka ni kidogo zaidi, maana ng'ombe naye anaacha kinyesi chake malishoni. Zidisha hiyo ziada kwa miaka 30.

Sitaki kumsema vibaya mkulima wa Ozark. Ardhi ile ina mawe mengi, udongo wake ni mwembamba na umelala juu ya chokaa, na samadi ya kuku ndiyo iliyovigeuza vilima hivyo kuwa malisho ya maana. Kwa macho yake samadi ni baraka, na macho yake hayamdanganyi. Majani hayaugui fosforasi inapozidi. Hakuna linalonyauka, hakuna ndama anayekufa. Dalili zinajitokeza kilomita nyingi chini ya mto, kwa mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo mwingine yuko Oklahoma. Mto Illinois (wa huku Ozark, usiuchanganye na ule ulioko kwenye jimbo la jina hilo) unaanzia Arkansas, unavuka mpaka na kuingia Ziwa Tenkiller, bwawa ambalo wapiga mbizi walilipenda kwa maji yake maangavu. Mwaka 2002 Oklahoma iliweka kiwango cha juu cha fosforasi kwa mito yake inayolindwa kwa ajili ya uzuri wa mandhari: miligramu 0.037 kwa lita. Ukipiga hesabu utaona kwamba kilo moja tu ya fosforasi inatosha kufikisha lita milioni 27 za maji kwenye kiwango hicho, yaani maboza 2,700 ya lita 10,000. Mkulima aliyemwaga kilo 70 na kupoteza moja hahisi chochote, hata karani wake hawezi kuiona kwenye vitabu. Mto unaiona.

Kinachofuata majini kinajulikana. Mwani unapata chakula uliokuwa umekikosa, unatanda, unakufa, unaoza, na uozo unamaliza oksijeni. Maji ya bomba yanaanza kunuka udongo. Jiji la Tulsa lilikuwa linachota maji yake kwenye maziwa ya Eucha na Spavinaw, na Desemba 2001 likachoka kulipia dawa za kuondoa harufu. Likazishtaki kampuni za kuku pamoja na mji mdogo wa Decatur, Arkansas. Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2003, na tangu hapo samadi katika bonde lile haimwagwi kwa kukisia. Inamwagwa kwa kipimo kinachoangalia hatari ya fosforasi kufika majini.

Fosforasi ina njia mbili za kutoroka, na ni lazima kuzitenganisha, vinginevyo mjadala mzima unakuwa vurugu. Njia ya kwanza ni kupanda mgongoni mwa udongo: mvua inachimba, tope linashuka, fosforasi imeshikamana nalo. Njia ya pili ni kuyeyuka. Kwenye malisho ya Ozark udongo umefunikwa na majani mwaka mzima, hauchimbiki kirahisi, kwa hiyo njia ya pili ndiyo kubwa. Samadi imelala juu ya majani, haijachanganywa na chochote. Mvua ya kwanza inaisuuza kama maji ya moto yanavyosuuza majani ya chai, na rangi yote inatoka kwenye kikombe cha kwanza.

Hapo ndipo shabu ilipoingia. Philip Moore, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Fayetteville, Arkansas, alichapisha na mwenzake mwaka 1994 majaribio ya maabara ya kuchanganya samadi ya kuku na kemikali mbalimbali za kalsiamu, chuma na alumini, ili waone ipi inaifanya fosforasi iache kuyeyuka. Mwaka uliofuata matokeo ya vishamba vidogo yalitoka: samadi yenye shabu, kwenye mvua ya kwanza ya kutengeneza, ilipunguza fosforasi kwenye maji yanayotiririka kwa asilimia 87. Vishamba vya majaribio husifika kwa kusema uongo, kwa hiyo mimi natilia uzito zaidi kazi iliyofuata kwenye mashamba halisi ya wafugaji, ambako kwa miaka 3 fosforasi katika maji yaliyotoka kwenye mashamba ya samadi yenye shabu ilikuwa pungufu kwa asilimia 75 kuliko ya samadi ya kawaida. Dawa chache sana za kilimo zinatoka maabara kwenda shambani bila kupoteza nguvu zaidi ya hapo.

Kwa nini alumini, wakati chokaa na chuma vipo? Chokaa inaongeza magadi kwenye samadi na kufukuza nitrojeni hewani, na fosforasi iliyoshikwa na kalsiamu inaachiwa udongo ukiwa na tindikali. Chuma kinashika vizuri mpaka oksijeni ikosekane. Kwenye tope la chini ya ziwa, mahali pasipo na hewa, chuma kinabadilika na kuiachia fosforasi yote. Alumini haijali hewa. Msomaji alikumbuke hilo la chuma, maana litarudi tukifika nyumbani.

Sasa, mfugaji wa Arkansas hanunui shabu kwa kuupenda mto. Anainunua kwa sababu ya amonia. Banda la maelfu ya kuku wakati wa baridi hufungwa pande zote, na kinyesi kinatoa amonia inayochoma macho ya kuku na ya mhudumu. Njia ya kuitoa ni kuwasha feni, na feni zinatoa nje joto alilolilipia kwa gesi. Shabu inayatia maranda tindikali, amonia inabaki imefungwa humo humo, feni zinapumzika, kuku wananenepa na bili ya gesi inashuka. Fosforasi kufungwa ni nyongeza. Nayo nitrojeni ambayo ingepaa hewani inabaki kwenye samadi, kwa hiyo mkulima anahitaji tani pungufu kupata nitrojeni ileile, na kila tani isiyomwagwa ni kilo 14 za fosforasi zisizofika shambani. Faida hii haitajwi sana, na kwangu ni kubwa kuliko ile ya kufunga, kwa sababu ndiyo pekee inayogusa wingi.

Wapo waliohofu kwamba alumini itaua mizizi, kama inavyofanya kwenye udongo wenye tindikali kali. Moore na wenzake walianza mwaka 1995 jaribio la muda mrefu kwenye vishamba vya majani, wakilinganisha samadi ya kawaida, samadi yenye shabu na mbolea ya dukani ya nitrojeni. Alumini inayodhuru mizizi ilipanda kwenye vishamba vya mbolea ya dukani, kwa sababu mbolea ile inautia udongo tindikali mwaka hadi mwaka. Kwenye samadi, ya shabu na isiyo na shabu, haikupanda. Hofu ilikuwa ya haki, jibu limepatikana, tuendelee.

Jaribio hilohilo ndilo linalonipa hoja yangu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba fosforasi iliyopotea na maji kutoka kwenye samadi ya kawaida ilikuwa mara kadhaa ya ile ya samadi yenye shabu. Ndiyo habari iliyosambaa. Kuna mstari wa pili ambao wachache waliunukuu: kwenye tabaka la juu la udongo, kipimo cha kawaida cha fosforasi kilikuwa juu zaidi pale palipowekwa shabu. Ukitafakari utaona haingeweza kuwa vingine. Samadi ya kawaida ilivuja, nyingine ikaenda na maji ya juu, nyingine ikazama chini. Ile ya shabu ilikaa. Majani yalichukua kiasi kilekile kutoka pande zote mbili. Kilichoingia ni sawa, kilicholiwa ni sawa, kilichotoroka ni kidogo zaidi: basi ghala limejaa zaidi.

Ghala lililojaa si kosa kama mlango wake ni imara, na mlango wa alumini ni imara. Tatizo ni kwamba mwenye ghala analiona liko salama na anaendelea kuleta mzigo. Oklahoma inahesabu kwamba kipimo cha udongo kikifika pauni 65 za fosforasi kwa eka, majani hayafaidiki tena na nyongeza yoyote. Juu ya hapo, anayemwaga samadi kwa ajili ya fosforasi hamwagii majani. Anatupa. Tunaweza kuipa samadi hiyo jina zuri, tunaweza kuichanganya na shabu, lakini ni kutupa taka mahali panapoonekana kama shamba. Na udongo ukishajaa, fosforasi yake haitoki haraka hata ukisimamisha kila kitu. Kushusha kipimo kilichopanda kwa miaka 30 kwa kukata majani na kuyaondoa ni kazi ya miongo. Waliokuwa wakimwaga wengi watakuwa wamestaafu.

Swali la kwa nini mzigo hauachi kuja halina jibu kwenye kemia. Jibu liko kwenye mkataba. Katika ufugaji ule, vifaranga ni mali ya kampuni. Chakula ni mali ya kampuni, nayo ndiyo inayoamua mchanganyiko wake. Kuku waliokua wanachukuliwa na kampuni. Kinachobaki kwa mfugaji ni banda, deni la benki na samadi. Kwa hiyo fosforasi inaingia bondeni ikiwa chakula cha kampuni na kulala bondeni ikiwa samadi ya mfugaji, na mahali fulani kati ya mdomo wa kuku na mkia wake umiliki umebadilika bila mtu kutia saini upya. Nafaka inatoka mbali, kwenye majimbo ya mahindi na soya. Lori linaloileta halirudishi samadi, kwa sababu samadi ni nyepesi, inajaza nafasi, thamani yake kwa tani ni ndogo, na nauli inaimeza ndani ya safari fupi.

Mwanasheria Mkuu wa Oklahoma, Drew Edmondson, alilipeleka jambo hilo mahakamani Juni 2005 dhidi ya Tyson Foods, Cargill na wengine, washtakiwa 11 kwa jumla. Ushahidi ulisikilizwa kuanzia Septemba 2009 hadi mapema 2010. Kisha kimya. Jaji Gregory Frizzell alitoa uamuzi wake Januari 2023, miaka 13 baada ya kusikiliza, na akaona kampuni zinawajibika kwa fosforasi iliyoingia mtoni kutokana na samadi ya kuku wao. Watoto waliozaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa walikuwa wanamaliza sekondari. Nasimulia haya kwa sababu shabu ilikuwapo muda wote huo, imethibitishwa, inauzwa, inatumika. Kama ingekuwa inatosha, jaji asingekuwa na cha kuamua.

Basi nini kinatosha? Kufukia kunasaidia sana. Watafiti wa Arkansas waliunda mashine inayochana ardhi ya malisho na kuiweka samadi chini ya majani, kwenye mifereji myembamba, badala ya kuimwaga juu, na hasara ya virutubisho ikashuka kwa kiwango kinachoshindana na cha shabu. Kuchagua siku kunasaidia pia: samadi iliyomwagwa jioni ya kuamkia mvua kubwa ni samadi iliyomwagwa mtoni. Na si kila kipande cha shamba ni hatari sawa. Andrew Sharpley, aliyefanya kazi hiyo kwa miongo na kumalizia Chuo Kikuu cha Arkansas, alihubiri kwamba sehemu ndogo ya bonde, ile yenye mteremko na iliyo karibu na maji, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya fosforasi. Ukiijua hiyo, ukaiacha bila samadi na kuiwekea ukanda wa majani, umefanya kazi nyingi kwa gharama ndogo.

Kwenye rasi ya Delmarva, mashariki ya Ghuba ya Chesapeake, mambo yako tofauti kidogo. Pale ni tambarare ya mchanga yenye mifereji, na fosforasi haitiririki juu, inazama na kutokea mfereji wa jirani. Mwaka 1997 samaki walionekana na vidonda kwenye mito ya Maryland, watu wakatishika, sheria ikapita 1998, na mwaka 2015 jimbo likaleta kanuni inayomzuia mkulima kuongeza fosforasi pale udongo na hatari yake vimevuka kiwango. Wakulima walipiga kelele. Kelele zao zilikuwa za haki kwa jambo moja: kanuni iliwaambia wasimwage, haikuwaambia lori liko wapi.

Mwaka jana mfugaji mmoja wa kuku wa nyama wa Kibaha, baada ya kunisikia nikisimulia haya, aliniuliza: "Kaka, hiyo shabu ya mabandani tunaipata wapi?" Swali zuri, na nilimjibu kwamba asihangaike nayo. Banda lake lina ukuta wa magoti na wavu hadi juu, upepo unapita bure usiku na mchana. Hana gesi ya kuokoa wala baridi ya kuifungia madirisha. Akisikia amonia inachoma macho, ageuze maranda, atengeneze vinyweshea vinavyovuja, apunguze idadi ya kuku kwa mita. Ile faida inayomfanya Mmarekani afungue pochi, kwake haipo.

Shambani hoja ina nguvu zaidi. Chukua udongo mwekundu wa Siaya na Vihiga, au wa sehemu nyingi za Kagera. Umejaa madini ya chuma na alumini, chuma ndicho kinachoupa rangi, na madini hayo yanafanya kwa fosforasi kile shabu inachofanya bandani. Mkulima anaweka DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, kwenye shimo la mahindi, udongo unaila kwanza, mahindi yanapata makombo. Kwa hiyo majani yana rangi ya zambarau na gunia halijai. Mtu akichukua samadi ya kuku, akaitia shabu, kisha akaipeleka kwenye udongo wa namna hiyo, amemfunga kamba mfungwa aliye jela tayari. Tunachohitaji pale ni samadi isiyotiwa shabu, iliyooza vizuri kwa usalama wake, yenye tindikali za asili ambazo hugombania nafasi na fosforasi kwenye madini yale, ili mmea ubakiwe na fosforasi nyingi kidogo.

Je, hiyo ina maana udongo mwekundu haupotezi fosforasi? Unapoteza, ila kwa ile njia ya kwanza. Inapanda mgongoni mwa tope. Mvua ya masika ikichimba shamba la mteremko, fosforasi inashuka ikiwa imeshikwa na chuma, mpaka ziwani. Na chini ya Ziwa Victoria, kwenye tope lisilo na hewa, chuma kinafanya nilichokwambia: kinaachia. Si tope la mashamba peke yake linaloleta fosforasi ziwani, sehemu kubwa inashuka na vumbi, moshi na mvua kutoka angani, na miji inaongeza ya kwake. Lakini kwa upande wa shamba dawa yetu haitoki kiwanda cha kemikali. Inaitwa fanya juu, na jina lake limeingia vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa: unachimba mtaro kwa kufuata kontua, unatupa udongo upande wa juu, unapanda mabingobingo juu ya tuta, na baada ya misimu kadhaa mteremko umekuwa ngazi. Wakamba wa Machakos wanaijua kwa mikono yao. Tope likibaki shambani, fosforasi yake imebaki.

Na kuna kichekesho cha kijiolojia ambacho siwezi kukipita. Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa jirani na Ziwa Manyara tangu mwaka 1983 na kuuzwa kwa mifuko kwa wakulima wenye udongo uliokonda, ni mabaki ya ndege. Minandi walikula samaki wa ziwa la kale, wakatua, wakanya, wakafa, mifupa na kinyesi vikarundikana kwa maelfu ya miaka. Ni fosforasi iliyotoka majini kwa mdomo wa ndege na kukaa nchi kavu. Ozark wanahangaika na safari ya kwenda, sisi tunachimba ya kurudi.

Mahali ambapo somo la Arkansas linatuhusu moja kwa moja ni mabondeni mwa miji. Bustani za mchicha na matembele za Dar es Salaam, kwenye udongo wa kichanga kando ya mito, zinapokea samadi ya kuku karibu kila mzunguko. Mchicha unavunwa ndani ya wiki chache, samadi nyingine inamwagwa. Mchanga hauna chuma wala alumini ya kutosha kufunga chochote. Mto uko hatua 10, na masika bustani yenyewe inakuwa mto. Hapo ningemwomba mwenye tuta afanye vitu ambavyo havihitaji shabu: aichanganye samadi ndani ya udongo badala ya kuitandaza juu, aache mwezi wa mafuriko upite, na katika mizunguko miwili baada ya mmoja wa samadi atumie urea kidogo, kwa sababu fosforasi ya mzunguko ule bado ipo kwenye tuta lake na nitrojeni ndiyo iliyokwisha.

Ziada iende mlimani, kwenye udongo mwekundu wenye njaa. Sisi tayari tuna soko la samadi, viroba vinauzwa na kununuliwa bila sheria ya jimbo wala amri ya jaji. Nilimwuliza yule mfugaji wa Kibaha viroba vyake vinakwenda wapi. Alisema vinachukuliwa na wenye bustani za bondeni, wanakuja na mkokoteni, wanalipa taslimu. Na watu wa mlimani? Wanapiga simu, alisema, wanauliza bei ya kiroba, wanafurahi, kisha wanauliza nauli ya Fuso.